Mkole Juu ya Jiko

Jumamosi, 9 Machi

Mvua imeanza. Si ile ya kunyunyiza, ni yenyewe. Imeteremka kutoka upande wa Magamba tangu saa nne asubuhi, na mpaka sasa mlima wa mbele hauonekani, utadhani mtu ameufuta kwa kitambaa.

Daftari hili nililinunua niandikie siku za chanjo za Glory, nikajaza kurasa mbili tu. Nimeona nilitumie mwenyewe. Glory ana miezi minane. Baba yake, Alen, yuko Mombo, fundi wa malori pale barabara kuu. Mimi na mtoto tuko huku juu kwa mama yake mpaka masika yaishe, ndivyo tulivyokubaliana. Mwisho wa Mei anakuja kutuchukua. Amepanga chumba kimoja. Kimoja kwelikweli: amenitumia picha, kitanda kimeingia na mlango umebaki nusu wazi.

Kwa hiyo nina masika haya tu, na nataka kutengeneza upinde.

Haya, nimeandika, sasa siwezi kukana. Zamani nikifanya usafi kwenye nyumba ya wageni mjini, mgeni mmoja aliacha kitabu cha picha za vita vya Ulaya ya kale. Watu wa mavazi ya chuma, ngome, farasi waliovishwa mashuka. Maneno yake siyajui, nadhani ni Kijerumani. Lakini kuna ukurasa mmoja wapiga mishale wamesimama mstari ndani ya ukungu, na pinde zao zimewazidi vimo. Ukungu ule ni wa kwetu kabisa. Nimeutazama ukurasa ule miaka minne. Sina ugomvi na mtu, sitaki kuua hata njiwa. Nataka kitu kile kiwe mkononi mwangu na niwe nimekichonga mimi.

Mti ninao. Ni mkole, niliukata Februari mwaka jana kwa kaka yangu bondeni, nikiwa na mimba ya miezi minne na hamu ya kula udongo. Umenyooka, umenizidi shubiri moja. Na ni huo tu, kile kichaka wameshakifyeka wakapanda kabichi.

Tangu Glory azaliwe sijamaliza kitu. Chai inapoa. Nywele nasuka upande mmoja. Hata sala naishia katikati. Hiki nitakimaliza.

Jumapili, 10 Machi

Jino. Hakuna aliyelala.

Jumanne, 12 Machi

Niandike habari ya mama mkwe, maana bila yeye nyumba hii haieleweki. Jina lake Jenoveva, wote wanamwita Mama Alen. Mwezi mzima hatusemezani. Nilirudi kuchota maji nikamkuta Glory amenyolewa kichwa chote, kinang'aa kama yai. Hakuniuliza. Nikamwambia, "Mama, mtoto huyu nimemzaa mimi." Sikupaza sauti. Nadhani ndiyo maana limemuuma zaidi.

Tangu hapo asubuhi nasema shikamoo mama, anasema marahaba, basi. Mengine yote yanapitia kwa mtoto. "Glory, mwambie mama yako chumvi imekwisha." "Glory, mwambie mama yako kuku wako kwenye mboga zake." Glory anatutazama sote wawili anatoa mapovu.

Leo nimeutoa mkole wangu chumba cha viazi, nikaupima kwa kimo changu mlangoni. Mama akapita na kuni. "Glory, mwambie mama yako, mwanamke na upinde wapi na wapi."

Alhamisi, 14 Machi

Chumba cha viazi kimepiga unyevu, ukuta unatoa jasho. Gome la mkole lina ukungu mweupe. Nimeuweka juu ya jiko, kwenye uchaga, pamoja na mbegu za mahindi. Nyumba hii kila kinachotakiwa kukauka kinapanda pale: mbegu, kuni, nepi, hata viatu vya kanisani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeukuta mkole chumba cha viazi. Nimeurudisha.

Jumapili, 17 Machi

Umerudi viazini. Nimeurudisha juu ya jiko.

Jumanne, 19 Machi

Vilevile. Yeye haongei, mimi siongei. Mti unatembea peke yake.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua haijanyamaza siku sita. Nguo zina harufu ya moshi, mtoto ana harufu ya moshi, maziwa yangu nadhani yana moshi. Mchana nilisinzia nimeegemea gunia, Glory kifuani, nikaona wale watu wa kitabuni wanapita kwenye maharage yetu, polepole, wameinua miguu wasikanyage maua. Mmoja akanisalimia shikamoo. Nikashtuka, nikacheka peke yangu.

Kisha nikaangalia uchagani. Hamna. Viazini.

Rehema alikuja kuomba moto. Ni jirani wa shamba la pili, analima kabichi na karoti, na huu mwezi amefunga, kwa hiyo maneno yake ni makali kuliko kawaida. Nikamweleza. Akasema, "Mama Glory, wewe unatengeneza silaha kwa mkweo, na yeye anaificha. Mimi naona nyote mna akili."

"Si silaha."

"Ni nini basi?"

Nikasema, "Ni kitu changu."

"Kitu chako ni mume, yuko Mombo anakula chipsi."

Jumapili, 24 Machi

Leo ni Matawi, na nimekasirika sana, Mungu anisamehe.

Tumerudi kanisani, nimekwenda viazini kuuchukua mti kama kawaida, nimeukuta umepakwa kinyesi cha ng'ombe. Ncha zote mbili. Hakikudondoka kwa bahati, kimepakwa kwa kiganja, nene, vidole vinaonekana. Nikasimama pale na mtoto mgongoni. Kumbe mtu anaweza kukuchukia kwa utulivu hivi, akaenda kanisani na tawi mkononi.

Nilichemsha maji, nikausugua kwa gunzi mpaka ncha zikawa nyeupe. Mama alikuwa mlangoni anachambua mnavu. Alinitazama nikisugua. Nikaupandisha mkole juu ya jiko, safari hii nimeufunga kwa waya kwenye mti wa paa, mizunguko minne.

Jumatatu, 25 Machi

Uko palepale.

Jumatano, 27 Machi

Uko palepale. Nimeshinda.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mama alimvika Glory gauni jeupe alilolishona mwenyewe kwa mkono. Limemkaa vizuri mno. Nilitaka kusema asante mama, nikasema, "Glory, mwambie bibi asante."

Jumatano, 3 Aprili

Nimeushusha. Umekauka, mwepesi, ukiugonga unalia kama mlango. Nimeanza kuchonga.

Gome linatoka kwa kisu. Chini yake kuna ngozi laini, ile haiguswi, ndiyo mgongo wa upinde. Unachonga upande wa ndani tu, wazee wa bondeni kwetu wanauita tumbo. Kwa panga kwanza, kisha kisu, kisha kipande cha chupa. Chupa inatoa maganda membamba yanayojikunja. Glory anayashika juani, yanapitisha mwanga. Jua limetoka kwa muda wa saa moja hivi.

Nikichonga sifikirii neno lolote. Mikono inajua. Mara nasikia Glory analia, na ninaona kwamba nilikuwa mbali, mahali pa kijivu penye utulivu, na kwamba nilipumzika huko kuliko usingizini.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimechonga nusu saa.

Jumapili, 7 Aprili

Sijachonga. Homa ya meno.

Alhamisi, 11 Aprili

Jana ilikuwa Idi. Rehema ameniletea pilau kwenye bakuli, na kwenye mfuko wa pili manyoya ya mabawa ya bata mzinga. "Nimewaambia watoto wasiyachome, yule mama Glory kichaa anayataka." Mazuri, mapana, ya mistari. Manyoya matatu kila mshale, na yote yatoke bawa la upande mmoja, la sivyo mshale unayumba. Nimeyapanga mezani, ya kulia huku, ya kushoto huku. Mama akapita akatazama, hakumtuma Glory na neno.

Jumamosi, 13 Aprili

Umepasuka.

Nilikuwa nimefika hatua ya kuukunja kidogo kwa mara ya kwanza. Nimeegemeza ncha chini, mkono katikati, nikasukuma kwa goti. Sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la yai chumba cha pili. Nikageuza. Ufa umeanzia kwenye ncha ya juu, unashuka shubiri mbili kasoro kidogo. Nikatazama ncha ya chini. Nako kuna ufa mfupi, mwembamba kama unywele, ulikuwepo siku zote na mimi sikuuona.

Nilikaa chini kwenye maganda. Sikulia mara moja. Niliona tu mvua inavyoingia kwenye mtaro na kutoka, inaingia na kutoka. Glory alitambaa akaja akashika mti, akaulamba.

Alen alipiga simu mchana. Nilimwambia.

"Umevunjika?"

"Umepasuka."

"Si ungekuja tu, Yunis. Wiki ijayo kuna gari linapanda kufuata mboga. Njoo upumzike, uache vijiti."

"Chumba kina kiti?"

"Kina ndoo. Unaigeuza."

Nikacheka, na nilipocheka ndipo nililia. Akasema, "Sasa mbona." Nikamwambia mtandao unakatika.

Kama nikishuka wiki ijayo nitashuka mikono mitupu. Si kwamba kuna mtu atajua. Mimi nitajua. Nitakaa kwenye ndoo, mtoto atalia, chai itapoa.

Jumatatu, 15 Aprili

Ukungu mpaka mlangoni.

Jumatano, 17 Aprili

Ukungu. Gari la mboga ni Jumamosi. Nimemwambia Alen nitamjibu.

Alhamisi, 18 Aprili

Niandike taratibu, Glory amelala mgongoni kwa bibi yake.

Asubuhi kuni zilikuwa mbichi, jiko linatoa moshi tu. Nikaenda nikauchukua mkole nikauweka miguuni kwa mama mkwe, pamoja na shoka. Nikasema, "Mama, kuni hizo." Moja kwa moja, bila kupitia kwa mtoto. Nilikuwa nimechoka hata kununa.

Hakushika shoka. Aliushika mti, akapitisha dole gumba kwenye ufa, juu mpaka chini. Kisha akanitazama, na akaniambia mimi.

"Nani aliosha?"

"Aliosha nini, mama?"

"Mavi ya ng'ombe. Nani aliyaosha?"

Alijua. Alikuwa mlangoni. Lakini alitaka nitamke.

"Mimi."

"Kwa maji ya moto."

"Ya moto."

Akamenya kiazi kimoja. Kisha akasema, "Baba yangu alikuwa anachonga mipini ya majembe. Soko la Soni lote walilima kwa mipini yake. Mti unapumulia nchani. Ukiuweka penye joto na midomo iko wazi, nchani panakauka, katikati bado, unajichana wenyewe. Kwa hiyo unauziba kwa mavi, unaulaza penye baridi. Hauna haraka."

Zile siku za Machi zikapita mbele yangu. Kila asubuhi mwanamke huyu wa miaka sitini na kitu, mwenye goti bovu, anapanda kigoda, anaushusha mti wangu, anaubeba viazini. Na mimi naurudisha. Hata kile kiganja, vile vidole vilivyoonekana. Alikuwa anapaka kwa uangalifu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulisema mtoto umemzaa wewe. Nikajua na mti umeukata wewe."

Nilipata aibu ya kutosha mashamba mawili. Nikatazama kichwa cha Glory pale mgongoni kwake. Nikasema, "Nywele zimeota vizuri, mama. Zimejaa."

"Zilikuwa nyepesi za kuzaliwa. Lazima zitoke."

"Sawa. Lakini siku nyingine uniulize."

Alichokonoa moto. Nikadhani tumerudi kulekule kwa Glory mwambie mama yako. Kisha akasema, "Nitauliza." Na baada ya kidogo, "Upinde wenyewe siupendi. Kifaa cha kumpeleka mwanamke porini. Lakini mti haujamkosea mtu."

Nikamwuliza kama umekufa. Akasema, "Nchani umekufa. Katikati unaishi." Akauweka mapajani, akapima kwa shubiri zake, akaweka alama ya mkaa juu. Halafu akaugeuza akaweka alama chini, mahali palepale kwa kipimo. "Ukikata juu, unakata na chini, la sivyo mkono mmoja unamlalia mwenzake."

Nikasema basi hautanizidi kimo tena. Wa kitabuni unawazidi.

"Sasa utaingia kwenye kile chumba cha Mombo," akasema.

Jumamosi, 20 Aprili

Gari la mboga limepita. Sikupanda. Nimemwambia Alen mwisho wa Mei, kama tulivyosema. Akauliza mama yake amesemaje. Nikamwambia ameshika upande wa pili wa msumeno.

Vipande vilivyokatika tumepikia maharage.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Mvua. Glory amesimama kwa kushika gunia.

Jumamosi, 4 Mei

Upinde unaning'inia kwenye msumari ukutani, nimeufunga kamba ndefu ya kujaribia. Mama anavuta kamba chini, mimi nimekaa mbali natazama mikono ya upinde inavyojikunja. Mkono wa kushoto mgumu. Nakwangua mara kumi kwa chupa. Anavuta tena. Hatusemi chochote isipokuwa "bado" na "haya."

Mara nyingine tunasahau. Leo aliacha kuvuta, akabaki ameshika kamba, akitazama nje. Akanisimulia baba yake alivyokuwa akilamba mpini ukimalizika. Anaulamba kabisa, kwa ulimi, kusikia kama kuna kibanzi. Wateja walikuwa wanacheka. Hakuna aliyewahi kuchomwa na mpini wake.

Nilimwona ni msichana mdogo amekaa kwenye maganda ya mbao.

Jumatano, 8 Mei

Bado.

Alhamisi, 9 Mei

Bado. Rehema anasema tungekuwa tumeshazaa.

Jumanne, 14 Mei

Haya.

Ijumaa, 17 Mei

Alen ametuma katani kutoka bondeni, fungu kubwa, jeupe kama mkia wa farasi. Tumesokota ugwe, kamba ya upinde. Nyuzi ishirini na nne, mafungu mawili, mmoja anasokota kulia mwingine anampokea. Kisha nta ya nyuki mpaka ukashika rangi ya chai. Rehema akapita akasema, "Leo mnasemezana? Basi mimi habari zenu zimeniishia."

Mama akamjibu, "Kaa usokote, acha kusimama kama polisi." Akakaa.

Alhamisi, 23 Mei

Mishale sita. Mianzi, nimeinyoosha juu ya makaa. Manyoya nimegandisha kwa utomvu wa msonobari uliopondwa na unga wa mkaa, kisha nikafunga uzi. Vichwa nimeviacha butu, nimevika misumari niliyoipondaponda. Kiganja cha ngozi cha kukinga mkono nimekata kwenye kiatu cha marehemu baba mkwe. Niliuliza kwanza. Mama alikwenda akakileta mwenyewe.

Mvua imekuwa ya mchana tu. Asubuhi baridi, mlima wa mbele unaonekana wote, karibu kiasi kwamba unasikia mbuzi wake.

Ijumaa, 31 Mei

Alen kesho. Nguo za Glory zimejaa mfuko mmoja na nusu. Upinde nimeupaka mafuta ya alizeti, sijaufunga ugwe. Sijaupiga hata mara moja. Ninaogopa. Mpaka sasa ni mzima, na nikiuvuta mpaka mwisho huenda nikasikia lile ganda la yai tena. Mtu anaweza kuutundika tu akasema, nimemaliza.

Lakini kitu kisichovutwa ni kijiti kilichopakwa mafuta.

Jumamosi, 1 Juni

Tuko Soni, Alen na dereva wanapakia karoti, Glory amelala mapajani. Naandika kabla sijasahau.

Alen alifika saa mbili na gari la tajiri wake. Alimsalimia mama yake, akamnyanyua mwanae juu akasema mbona mzito, akaona upinde mlangoni. Akauchukua, akaufunga ugwe nilivyomwelekeza, akavuta. Fundi wa malori, mikono ile. Akaufikisha kifuani tu, ukamrudisha. "Huu mmeutia nini?"

"Masika," nikamwambia.

Alisema dereva ana haraka, akashuka na mifuko barabarani. Nami nikaenda nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumejaza gunia maganda ya maharage, tumeliegemeza kwenye kingo ya shamba la juu. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mwembamba, unafika magotini. Mama alinifuata. Alikuwa amembeba Glory mbele, si mgongoni, ili aone.

Nikaweka mshale. Nikavuta. Kwanza vidole viliuma, kisha mgongo wote ukaingia kazini, mahali katikati ya mabega ambapo mwaka mzima nimebeba mtoto na ndoo na sikujua pana nguvu. Upinde ukajikunja sawa juu na chini. Nikasubiri ile sauti. Sikuisikia. Ugwe ukagusa shavu langu, una harufu ya asali, na kwa muda kidogo hapakuwa na mtu anayenihitaji popote duniani.

Nikaachia.

Ulipita chini ya gunia ukazama kwenye udongo wa kingo, manyoya nje, yanatikisika. Nikautazama upinde, mgongo, tumbo, ncha. Mzima. Nikapitisha dole gumba nisikie ufa. Hakuna.

Barabarani honi ikalia. Ikalia tena, ndefu. Nikaanza kufungua ugwe.

Mama akasema, "Gari ni la nani?"

"La tajiri wake."

"Basi mwache Alen achezee honi."

Akainama, goti lake likalia, akaokota mshale kwenye fungu lililokuwa miguuni pangu. Akapuliza vumbi kwenye manyoya. Akanipa.

"Juu kidogo," akasema. "Umepiga chini."

Nikapokea, nikavuta tena.